Tairi Lililoliwa kwa Ndani



Leo sikuleta somo la pointi tatu. Nimeleta habari ya gari na habari ya kosa langu, na kabla ya kuiweka hapa nimeomba ruhusa ya mtu mmoja. Amesoma yote, akafuta sentensi mbili, akasema zilizobaki ziende. Kwa hiyo someni pole pole, na wale wenye haraka ya kuandika "Amina" kabla ya kufika mwisho, leo naomba msubiri.

Gari lenyewe mnalijua. Ni lile la rangi ya chungwa, pua ndefu, milango miwili, ambalo watoto wa shule ya Jumapili huliita "papa". Wageni huniuliza kama mchungaji anaruhusiwa kuendesha gari la mbio. Huwajibu kwamba sikulinunua, nililirithi. Ni Datsun 240Z, mtindo uliotengenezwa hadi mwaka 1973, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa bodi kule Shimanzi. Mwaka 1986 mteja mmoja alileta gari hilo likiwa limebondeka ubavu, akaenda kutafuta pesa, na aliporudi baada ya mwaka mzima alileta logbuku badala ya pesa. Baba akapokea. Mama alinuna mwezi mzima.

Baba hakuwa mtu wa kanisa siku zile, lakini Safari Rally aliihubiri. Alituambia jinsi Edgar Herrmann na Hans Schüller walivyoshinda mwaka 1971 kwa 240Z, na jinsi Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alivyoshinda mwaka 1973 kwa gari la aina hiyohiyo. Hiyo ya 1973 aliipenda zaidi. Mehta na Harry Källström, naye akiwa na Datsun nyingine, walimaliza wakiwa sawa kwa adhabu, wakatenganishwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baba alikuwa akisimulia hapo, ananyamaza, kisha anasema, "Maelfu ya kilomita, halafu wako sawa." Sikuelewa kwa nini jambo hilo lilimgusa hivyo. Mimi nilitaka kusikia habari za matope.

Alipolala mwaka 2009 aliniachia gari na deni dogo la duka. Deni nililipa upesi.

Sasa nije kwenye kosa.

Mwaka 2016 nilikuwa nakimbilia mkutano wa Injili upande wa bara. Mvua imenyesha, jua limezama, nami nimechelewa. Njiani nikagonga kingo ya saruji kwa gurudumu la mbele la kushoto. Kishindo nilikisikia hadi kwenye meno. Kando ya barabara nikampata kijana mwenye jeki na nyundo. Akaingia chini, akagonga gonga, akazungusha kitu kwa spana, akatoka akifuta mikono. Nilimpa shilingi 500. Akaniambia, nakumbuka hadi sauti yake: "Mzee, hii nimekushikia tu. Ile fimbo imepinda. Nenda ukabadilishe, halafu upige alaimenti."

Nikamwambia Mungu akubariki. Nikaenda kuhubiri. Usiku ule watu waliokoka, na kwa sababu watu waliokoka, nilisahau fimbo.

Tangu siku hiyo gari likawa na tabia ya kuvuta kushoto. Si sana. Kwenye mwendo wa mjini hulihisi. Ukifika sitini, sabini, unalishika kidogo kulia nalo linatulia. Mwaka wa kwanza nilijua ninalishika. Mwaka wa tatu mkono ulikuwa umezoea, sikujua tena. Mama mchungaji aliwahi kuniuliza kwa nini bega langu la kulia linauma kila tukitoka Mariakani. Nikasema ni mto wa kulalia. Tukanunua mto mpya.

Kijana wetu wa kwanza alijifunza udereva kwenye gari la mama yake. Alipofika miaka ishirini na mbili nikaanza kumruhusu kuendesha la babu yake. Siku ya kwanza nilipompa ufunguo nilimwambia maneno haya: "Lishikilie kidogo kulia, ndivyo lilivyo." Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Sikusema "limeharibika". Nilisema "ndivyo lilivyo".

Aprili 2023 akaniomba gari aende Voi kwenye harusi ya rafiki yake. Nilikataa. Akaomba tena kupitia kwa mama yake, nikakubali kwa kununa. Alipita Samburu salama. Karibu na Taru, lori mbele yake likapunguza mwendo ghafla. Akakanyaga breki, na gari likaruka kushoto, likatoka kwenye lami, likagonga tuta la mchanga na vichaka. Alivunjika mtulinga. Mungu ni mwema, alikuwa peke yake, na vichaka vya Taru ni vya huruma kuliko lori.

Nilimkuta hospitalini mkono umefungwa kifuani. Neno lake la kwanza halikuwa "shikamoo". Alisema, "Baba, gari lilinivuta."

Nami nikamjibu, "Gari halimvuti mtu. Ulikuwa kwenye simu."

Akasema hakuwa kwenye simu. Nikasema nitaona. Sikuona chochote, kwa sababu sikutafuta. Nilikuwa tayari nimeshahukumu.

Jumapili ya pili baada ya hapo nilihubiri juu ya Absalomu. Wengi wenu mlikuwepo. Nilisema kuna vijana ambao wazazi wao wamewaambia usiende, wakaenda, na sasa wamekaa hapa na bandeji. Kanisa lilicheka. Mliangalia upande wa kinanda, alikokaa, na mkono wake mmoja. Nilisema hayo kwa kipaza sauti, ibada ya kwanza na ya pili, na ibada ya pili ilikuwa mubashara. Video ile ilipata watazamaji wengi kuliko mahubiri yangu yoyote ya mwaka huo. Wengine mliituma kwa watoto wenu.

Baada ya wiki mbili hakuja tena. Alipopona akapanga chumba Likoni. Kwa miezi kumi na minne nilizungumza naye kupitia kwa mama yake: salamu zikienda, salamu zikirudi. Mahali pa kinanda tukamweka dada mwingine, anapiga vizuri sana, na kila nikimsifu nilihisi kitu hapa kooni.

Gari lilikaa kwa fundi wa bodi muda mwingi wa miezi hiyo. Bampa, boneti, madigadi ya kushoto, redieta, taa, kila kitu cha kuonekana kilinyooshwa na kupakwa rangi. Juni 2024 likarudi linang'aa. Nikaliendesha hadi Nyali na kurudi. Mkono wangu wa kulia ukashika kazi yake ya zamani.

Mama mchungaji alikuwa ameketi kando yangu. Akauangalia ule mkono kwa muda, akasema, "Kwa hiyo linavuta."

Sikujibu. Tulivuka daraja la Nyali kimya.

Jumanne nikalipeleka penye mashine ya kisasa, zile za kompyuta na vioo vinavyofungwa kwenye rimu. Vijana wa pale walinipokea kwa heshima na kupiga picha na gari. Lakini kwenye orodha ya mashine gari hilo halikuwemo. Wakaweka vipimo vya kukisia, skrini ikajaa rangi nyekundu. Kijana mmoja mkweli akaja akaniambia, "Pasta, hapa tutakula pesa yako bure. Huku chini kuna kitu kinacheza. Nenda Liwatoni, kuna mzee."

Basi nikashuka Liwatoni. Wasioijua Mombasa, ni ule upande wa kisiwa unaotazama mlango wa Kilindini, kwenye gati ya samaki, kule lilikoanzia lile daraja la kuelea la waenda kwa miguu lililofunguliwa Januari 2021 kwenda Ras Bofu. Hewa ina chumvi na dizeli. Yadi ya mzee haina bango. Ina mwembe, sakafu ya saruji aliyoimwaga mwenyewe na kuipima kwa mpira wa maji hadi ikawa sawa, na paka watatu wanaojua saa ya kurudi mashua.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Pasta. Ah, hii Zed! Hii niliiona mara ya mwisho nna nywele."

Nikamwambia nataka alaimenti. Akacheka. Akasema kila mtu hutaka alaimenti, kwa sababu ni neno safi. Kisha akaanza na mambo ambayo sikuyategemea. Alipima upepo wa matairi yote manne kwanza, akayaweka sawa. Akatoa mizigo kwenye buti: vipaza sauti viwili vya kanisa na katoni ya Biblia. Akalisukuma gari chini kwa mikono mara kadhaa, mbele na nyuma, likae linavyokaa lenyewe. Akasema gari lililobeba mzigo au lenye tairi legevu halisemi kweli.

Chini ya magurudumu ya mbele aliweka vipande viwili viwili vya bati, katikati grisi, ili gurudumu liweze kujigeuza bila kung'ang'ania sakafu. Akafunga usukani usitikisike. Kisha akatoa mshipi, ule wa kuvulia, wa nailoni, aliopewa na wavuvi wa hapo gatini, akaufunga kwenye vigingi vinne vya chuma, mmoja kila ubavu wa gari, kwa urefu wa katikati ya gurudumu. Dakika arobaini alikuwa akisogeza vigingi. Nilidhani anachezea muda wangu. Kumbe 240Z ina nyayo pana mbele kuliko nyuma: milimita 1,355 mbele, 1,345 nyuma. Ukivuta mshipi kwa kugusa tu magurudumu, umeanza na uongo wa milimita tano kila upande, na vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa vya uongo, hata kama rula yako ni ya kweli.

Alinieleza kwa mikono yake. Akaviweka viganja kama nyayo mbili. Gurudumu lina mambo matatu, akasema. Moja ni vidole: vyatazama ndani au nje. La pili ni kuinama: kichwa cha gurudumu chaelekea ndani au nje. La tatu ni hatua: mguu umekaa mbele au umerudi nyuma. Magari mengi ya sasa unaweza kugeuza zaidi ya moja. Kwenye gari hili, kama lilivyotoka kiwandani, unaweza kurekebisha vidole tu, tena vya mbele. Hayo mengine mawili hayana skrubu. Yakikosea, maana yake kuna kitu kimepinda au kimekufa, na dawa ni kukitafuta.

"Kwa hivyo nikikugeuzia vidole tu," akasema, "utaenda nyumbani usukani umenyooka na gari halikunyooka. Na huyu wa kwanza ndivyo alivyokufanyia. Tazama."

Akaniita chini. Nina miaka hamsini na sita na kitambi cha harusi za watu, lakini nilishuka nikalala kwenye saruji kwa shati jeupe. Akaweka tochi.

Kwenye 240Z kuna fimbo inayotoka kwenye mkono wa chini wa gurudumu la mbele kurudi nyuma hadi kwenye fremu, imeshikwa kwa bushi za mpira. Kazi yake ni kulizuia gurudumu lisisogee mbele wala nyuma, hasa ukishika breki. Ya kulia ilikuwa imenyooka. Ya kushoto ilikuwa na tumbo kama fimbo ya mchungaji wa ng'ombe, na bushi yake imelika hadi inaonekana chuma. Gurudumu lote la kushoto lilikuwa limerudi nyuma, na kila breki ikikanyagwa, likirudi zaidi.

Nikasema kwa haraka, "Ni ile ajali ya kijana wangu."

Mzee hakubisha. Alichukua kitambaa akafuta grisi pale penye tumbo. Palikuwa na alama za nyundo, nne au tano, na ndani ya alama hizo kutu nyeusi, iliyoiva.

"Ajali lini?"

"Mwaka jana, Aprili."

"Hii kutu si ya mwaka jana, Pasta. Na mtu akigonga mchanga hapigi chuma kwa nyundo." Akanyamaza. "Tairi la zamani la huku kushoto unalo?"

Nilikuwa nalo. Mama mchungaji alikuwa ameligeuza kiti cha watoto uani, limelala, upande wa nje juu. Tulilikaa juu yake mwaka mzima. Nikaenda nyumbani kwa bodaboda nikarudi nalo begani, mshirika mmoja akanisalimia njiani nikajifanya sijasikia, unisamehe, dada.

Mzee akalisimamisha, akalizungusha. Upande wa nje, maua yote yapo, unaweza kuliuza. Upande wa ndani, ule usioonekana mpaka ulale chini, umeliwa upara, na sehemu moja nyuzi za waya zimetoka. Akapitisha kidole pale.

"Ajali ni kitu cha mara moja," akasema. "Tairi huliwa siku nyingi. Huyu kijana wako aliendesha kilomita ngapi?"

Nikahesabu. Mombasa hadi Taru, na safari chache za mjini. Hesabu haikuwa ndefu.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Mzee akaosha mikono, akaniambia nimsubiri, akaenda kuswali. Nikabaki chini ya mwembe na lile tairi mbele yangu na paka mmoja. Sitaki kuwapambia jambo lililotokea pale. Sikuona maono. Nilisikia tu sauti ya kijana wangu hospitalini, na sauti yangu ikimjibu, na mtu wa tatu, yule kijana wa kando ya barabara, akisema "nimekushikia tu". Mashahidi wote watatu walikuwepo tangu mwanzo. Nilikuwa nimewasikia wote.

Wale mliosoma nami Wagalatia mwaka jana mnakumbuka sura ya pili, Paulo alipompinga Petro kule Antiokia. Petro alikuwa akila na watu wa mataifa, kisha wageni kutoka kwa Yakobo walipofika akajitenga. Neno ambalo Paulo analitumia katika mstari wa 14 kusema hawakwenda sawa ni neno la Kiyunani linalopatikana hapo tu katika Agano Jipya lote, nalo limeundwa kwa maneno mawili, "nyoofu" na "mguu". Nililifundisha somo hilo kwa furaha. Niliwaambia kwamba Petro hakukosea mafundisho, alikosea miguu. Jambo moja nililipita upesi siku ile: Paulo anasema alimwambia mbele ya wote, kwa sababu kosa lilifanywa mbele ya wote na lilikuwa limeshawavuta wengine, hata Barnaba. Na Waebrania 12:13 inataka njia za miguu yetu zinyooshwe kwa ajili ya yule anayechechemea. Mimi nilimpa anayechechemea gari lililopinda, kisha nikamhubiri.

Mzee alikataa kuinyoosha ile fimbo. Alisema chuma kilichopigwa kikapinda, kikapigwa tena kikanyooka, hakiaminiki kwenye breki. Ikabidi tutafute nyingine. Hapo nishukuru wapenzi wa magari ya kale: tangu 2003 kuna ile East African Safari Classic Rally, na kwa sababu yake bado kuna watu Nairobi wenye vipuri vya 240Z kwenye maboksi. Fimbo mbili na bushi mpya zilikuja kwa basi siku ya tatu, zimefungwa kwa gazeti. Alizifunga, lakini bolti za mikono ya chini hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha kwanza lisimame kwa miguu yake, libebe uzito wake, ndipo akakaza, kwa sababu bushi ya mpira ikikazwa hewani hujipinda gari likishuka na kufa mapema.

Ndipo sasa, siku ya nne, akapiga alaimenti niliyoiendea. Iliisha kwa muda mfupi kuliko chai. Rula kwenye ukingo wa mbele wa rimu, rula kwenye ukingo wa nyuma, tofauti kutoka kwenye mshipi. Kabla, vidole vilikuwa vimetazama nje kwa milimita tisa. Akalegeza nati za fimbo za usukani, akazungusha kulia kidogo, kushoto kidogo, kwa kipimo sawa pande zote mbili ili usukani ubaki katikati, akapima, akazungusha tena. Akaacha vikitazama ndani kwa milimita tatu. Kisha tukaenda Mbaraki, akaniambia niachie usukani. Likaenda kushoto kidogo mno. Nikaogopa. Akacheka: barabara ina mgongo, inamwaga maji kando, gari lolote zima litateremka kidogo. Tukapanda katikati ya barabara palipo sawa, hakuna gari mbele wala nyuma, nikaachia tena. Mikono yangu sikujua niiweke wapi.

Akanidai shilingi 2,500 kwa kazi yake, vipuri kando. Nilitaka kuongeza, akakataa. Akasema, "Kampe kijana."

Ijumaa nilivuka feri kwenda Likoni. Tairi nililibeba kwenye buti. Alinifungulia mlango akiwa na taulo shingoni, akaangalia nyuma yangu akidhani nimekuja na mama yake. Sikuwa nimeandaa maneno. Nililiweka tairi sakafuni, nikaligeuza upande wa ndani, nikamwambia, "Baba, ulisema kweli. Lilikuvuta. Nilikuwa najua tangu 2016."

Alichuchumaa, akapitisha kidole palepale alipopitisha mzee. Akakaa hivyo muda mrefu. Nilitegemea alie, au anikumbatie. Tumesoma Luka 15 mara nyingi mno, tunadhani kila mtu ataanguka shingoni. Hakufanya hivyo. Alisimama akachemsha chai. Tulipokuwa tunakunywa akasema, "Mimi umeniambia hapa, tuko wawili. Ile nyingine uliisema mbele ya watu."

Nikasema nitaiondoa video usiku huohuo.

Akasema, "Usiiondoe. Ukiiondoa itakuwa haikusemwa. Sema na hii, palepale."

Kwa hiyo nasema. Wapendwa, mwana wangu hakuwa kwenye simu. Hakuasi; nilimpa ruhusa. Gari lilikuwa bovu, ubovu huo niliusababisha mimi, nilionywa nikapuuza, na nilipomkabidhi nilimfundisha kuishi nao badala ya kuurekebisha. Kisha nilimfanya mfano mbele yenu mkacheka, na mlicheka kwa sababu mliniamini. Wazazi mliowatumia watoto wenu ile video, naomba muwatumie na haya. Nimeomba radhi kwake. Sasa naomba radhi kwenu pia, kwa sababu nilisimama madhabahuni nikashuhudia uongo na sikuwa nimelala chini kuangalia.

Jumapili hii nitayarudia haya kwa kipaza sauti kilekile, ibada ya kwanza na ya pili, na ya pili itakuwa mubashara. Wazee wa kanisa nimewajulisha. Mmoja alinishauri nisiseme yote, kwa ajili ya wageni. Nimemshukuru.

Kama yeye atakuja, sijui. Sikumuuliza. Nimemwachia gari, nikarudi kwa miguu hadi kivukoni, nikavuka na watu wa jioni. Jana usiku simu yake ililia moja kwa moja kwangu, si kwa mama yake. Alitaka kujua kama zile nati zinahitaji kuangaliwa tena. Nikamwambia mzee alisema alirudishe Liwatoni baada ya kilomita mia tano, azikaze.

"Kesho nitapita," akasema. "Yuko saa ngapi?"

Nikamwambia asubuhi, kabla ya adhuhuri.